Jinsi ya kuisoma mbegu iliyogeuka jiwe

Mtu akiniletea kisukuku cha mbegu, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: ya mmea gani hii? Swali hilo huliweka pembeni. Nachukua lenzi, naigeuza mbegu taratibu kwenye mwanga unaotoka ubavuni, na ninachokitafuta ni kitu kimoja tu, mdomo. Kila mbegu ina upande iliposhikana na mmea mzazi, na ina upande chavua ilipoingilia. Ukiupata huo wa pili, yaani mikropaili, una pa kuanzia. Usipoupata, utakayoyasema mengi yatakuwa ya kubahatisha.

Umbo la nje lisikupumbaze. Yai, moyo, duara, bawa: maumbo haya yamezuka tena na tena katika koo za mimea zisizo na undugu wowote, kwa sababu upepo, maji na meno ya wanyama huzidai mbegu zote mambo yale yale. Ushahidi uko ndani. Ndiyo maana mezani kwangu kazi huanza na jiwe lenyewe, ikafuata mkato, kisha matabaka, kisha kilele. Jina huja mwisho kabisa, na mara nyingine haliji.

Jiwe limehifadhi nini?

Kabla hujagusa chombo chochote, amua mbegu yako imehifadhiwa kwa namna gani, maana hilo ndilo litakaloamua maswali unayoweza kuiuliza.

Mbegu iliyogandamizwa kwenye mwamba wa matope huacha utando mweusi wa kaboni au alama tupu. Hapo utapata mzingo, upana wa bawa kama lipo, pengine kovu la kikonyo. Usitafute seli ndani yake, hazipo. Kitu pekee kinachoweza kukuzawadia ni kutikulo, ule utando wa nta unaofunika ngozi ya mmea, kwani wakati mwingine hubandukika mzima na kuonyesha mpangilio wa seli chini ya hadubini.

Kwenye mawe ya mchanga utakutana na mbegu nene zenye mbavu tatu ziitwazo Trigonocarpus, za kipindi cha Kaboniferasi, kama miaka milioni 300 iliyopita na zaidi. Hizi ninazitaja kwa makusudi, kwa sababu wengi huzishika wakidhani wameshika mbegu. Mara nyingi walichoshika ni mchanga ulioingia kwenye uwazi wa mbegu na kugeuka jiwe, wakati ganda lenyewe limeoza na kutoweka zamani. Kwa hiyo kipimo unachokichukua ni cha uwazi wa ndani, si cha mbegu. Andika hivyo kwenye daftari, vinginevyo atakayekufuata atailinganisha na mbegu yenye ganda na kuona spishi mbili pasipo na mbili.

Iliyo tajiri kuliko zote ni mbegu iliyoloweshwa na madini kabla haijabanwa. Maji yenye kalsiti au silika hupenya hadi ndani ya seli, madini yanaganda, na kuta za seli zinabaki zimesimama mahali pake. Mabonge ya kalsiti yanayopatikana ndani ya matabaka ya makaa ya mawe huko Uingereza na Marekani ni ya namna hii. Mabonge hayo yalijengeka wakati kinamasi kingali na mboji laini. Mawe ya silika ya Grand'Croix, karibu na Saint-Étienne nchini Ufaransa, nayo yametoa mbegu zilizohifadhiwa hivyo.

Zimebaki aina mbili ndogo zenye tabia zake. Mbegu zilizounguzwa na moto wa msituni zikawa mkaa kabla ya kufukiwa huwa hazibanwi kirahisi, na nyingi za kipindi cha Kretasia, kipindi cha mwisho cha dinosaria, ni ndogo kiasi cha milimita moja au mbili. Usizishike kwa kibano cha chuma. Tumia brashi laini yenye unyevu. Mbegu zilizogeuka pairiti, yaani madini ya chuma na salfa, mfano zile za udongo wa London zinazookotwa kisiwani Sheppey, hupendeza kwa mng'ao wake na huoza zikiwa kabatini. Hewa na unyevu huigeuza pairiti kuwa chumvi za salfeti na asidi ya salfuriki, mbegu ikapasuka na hata karatasi ya lebo ikaliwa. Ziweke pakavu kabisa, zipige picha mapema, na uzikague mara kwa mara.

Je, ni mbegu kweli?

Mbegu ina sifa tatu ambazo lazima ziwepo pamoja: kifuko cha megaspora, yaani spora kubwa ya kike, kiitwacho nuseli; megaspora moja tu iliyo hai ikibaki ndani ya kifuko hicho badala ya kumwagwa nje; na ganda, yaani intigumenti, linaloizunguka nuseli na kuacha mdomo kileleni, ingawa kwenye mbegu za kale kabisa mdomo huo ulikuwa bado haujakamilika.

Kitu cha kwanza cha kukitilia shaka ni megaspora iliyo peke yake. Itazame chini ya hadubini. Ukiona alama ya mistari mitatu inayokutana katikati, hiyo ni spora, si mbegu. Cha pili ni Lepidocarpon, na huyu ni mjanja. Alitokana na miti ya likopsidi ya Kaboniferasi, ndugu wa mbali wa likopodi za leo, mimea midogo isiyo na maua wala mbegu, na alikuwa na megaspora moja iliyofungiwa ndani ya mikunjo ya jani. Akikatwa kwa bahati mbaya katikati, anafanana na mbegu kwa kila hali. Mtazame juu: uwazi wake ni mpasuko mrefu unaokwenda na urefu wake, wala si tundu. Hapo ndipo unapoona kwa nini nakazania mdomo.

Kuna pia kokwa za matunda, hasa kwenye mawe ya Eosini na ya baadaye. Kokwa ni ukuta wa tunda, mbegu imo ndani yake. Ukikuta ukuta mgumu, halafu uwazi, halafu ganda jingine jembamba lenye mdomo wake, basi ulichokidhania kuwa ganda la mbegu ni tunda.

Kukata na kubandua

Piga picha pande zote, pima urefu, upana na unene, na kama mbegu ni moja tu na ni nadra, tafuta kwanza mahali penye mashine ya eksirei inayopiga picha za vipande kwa vipande. Jiwe likishakatwa halirudi. Ukiwa na bonge la kalsiti lenye mbegu kadhaa, endelea na njia ya filamu ya asetati, plastiki nyembamba inayobandua tishu kutoka kwenye jiwe, ambayo haijazeeka pamoja na umri wake. John Walton alianza kuitumia mwaka 1928 kwa selulosi ya kumwagwa, na toleo rahisi la karatasi ya asetati lilichapishwa mwaka 1956. Mimi naipenda kuliko slaidi za jiwe jembamba, kwa sababu slaidi moja hula milimita nzima ya mbegu kwa msumeno, ilhali filamu hula kiasi kidogo mno.

Kata bonge kwa msumeno wa almasi unaolowanishwa maji. Sugua uso uliokatwa juu ya kioo bapa, kwa unga wa kabarandamu namba 400 na kisha 600, ukizungusha mkono kama nane. Acha pale tu mikwaruzo ya msumeno inapotoweka yote. Mkwaruzo uliobaki utaonekana kwenye kila filamu na kukufanya uone mshipa usiokuwapo. Suuza vizuri.

Vaa miwani ya kinga na glavu, fungua madirisha, kisha tumbukiza uso huo kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 15 hadi 20. Utaona mapovu. Kinachotokea ni kwamba kalsiti inayeyuka kidogo na kuta za seli, ambazo ni kaboni, zinabaki zimejitokeza juu kwa mikromita chache. Suuza kwa maji yanayotiririka polepole, na kuanzia hapo uso huo usiguswe na kidole, kitambaa wala brashi. Ukiupangusa umezifuta seli zote.

Jiwe likikauka, lilaze uso juu, limwagie asetoni hadi litote, na mara moja teremsha karatasi ya asetati kuanzia ukingo mmoja, ukiikunja kidogo ili hewa isukumwe mbele yake. Usiibonyeze. Asetoni hulainisha upande wa chini wa karatasi, plastiki inazikumbatia zile kuta, halafu inakauka. Baada ya nusu saa bandua kuanzia pembeni: unapata utando mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na ndani yake imo tishu halisi ya mmea wa miaka milioni 300 iliyopita. Ulichonacho hapo si picha, ni mmea wenyewe. Sugua kidogo kwa unga wa 600, rudia, na uendelee kushuka ndani ya mbegu filamu moja baada ya nyingine.

Asetoni hushika moto upesi, kwa hiyo pasiwe na jiko wala sigara chumbani. Na kuhusu mawe ya silika: asidi inayoyayeyusha ni ya haidrofloriki, nayo hupenya ngozi na kushambulia hadi mifupa, wakati mwingine bila maumivu ya mara moja. Hiyo si kazi ya mezani nyumbani. Iachie maabara yenye vifaa vyake, au kubali slaidi nyembamba.

Mwelekeo wa mkato una uzito. Mkato wa urefu unaopita katikati kabisa, kuanzia mdomoni hadi kwenye kikonyo, ndio unaopendeza vitabuni, lakini kuupata ni bahati. Ukipotoka kidogo tu, mdomo unakosekana na chemba ya chavua inaonekana imefungwa. Kama mbegu ni moja, mimi hukata kwa upana na kushuka kutoka kileleni, kwa sababu mfululizo wa mikato ya upana unaweza kuunganishwa baadaye kupata umbo zima.

Kutoka nje kwenda ndani

Chukua mbegu kubwa ya Pachytesta kwa kujifunzia. Ni ya mimea ya medulosa, ile yenye majani kama ya kangaga lakini inayozaa mbegu, na nyingine huzidi sentimita 5. Ni ile ile Trigonocarpus ya kwenye mchanga, ila hapa imehifadhiwa na seli zake. Ganda lake lina matabaka matatu. La nje, sakotesta, lilikuwa nyama: seli kubwa zenye kuta nyembamba, mara nyingi zimesinyaa au zimeliwa. La kati, sklerotesta, ni gumu, lina nyuzi zilizopangwa kwa mielekeo tofauti, na ndilo lenye zile mbavu tatu. La ndani, endotesta, ni jembamba kiasi kwamba unaweza kulipita bila kuliona.

Ukikuta mbegu yenye tabaka gumu tu, usiharakishe kusema haikuwa na nyama. Tazama uso wa nje wa lile tabaka gumu: kama kuna vipande vya seli laini vilivyonasa kwenye mifereji kati ya mbavu, nyama ilikuwepo ikaoza.

Baada ya ganda fuata nuseli, na ujiulize imeshikana na ganda hadi wapi. Swali hili dogo linatenganisha koo nzima. Kwenye Pachytesta nuseli iko huru, imeshikana na ganda chini tu. Kwenye Lagenostoma, mbegu ya kama milimita 5 ya ukoo mwingine, imeungana na ganda karibu urefu wote, ikaachana nalo kileleni tu. Tahadhari: nuseli iliyokauka hujikunja na kujibandua, ikaonekana huru wakati haikuwa. Angalia kingo za pengo. Zikiwa na seli zilizochanika, pengo hilo limetokana na kukauka. Zikiwa na ngozi nzima yenye kutikulo, pengo ni la asili.

Hesabu mishipa pia, na uandike iko tabaka gani. Pachytesta ina mishipa kwenye sakotesta na mingine kwenye nuseli. Lagenostoma ina ya kwenye ganda, kwa kawaida 9. Cardiocarpus, mbegu bapa yenye umbo la moyo ya miti ya kordaite, ndugu wa kale wa misonobari, ina mishipa miwili mikuu, mmoja kila upande.

Ubapa nao una mtego wake. Kuna mbegu zilizozaliwa bapa na kuna mbegu za duara zilizobanwa na uzito wa mwamba. Tazama seli za sklerotesta kwenye mkato wa upana: kama ni za mviringo na kuta hazijavunjika, ubapa ni wa mbegu; kama zimelazwa na kupasuka upande mmoja, ubapa ni wa mwamba.

Kileleni

Hapa kaa sana. Mimi hutumia muda mwingi kileleni kuliko sehemu nyingine zote za mbegu zikijumlishwa.

Kwenye mbegu za kale kabisa ganda lilikuwa bado halijafunga. Runcaria, kutoka Ubelgiji, ina umri wa kama miaka milioni 385, na ganda lake ni vijiti tu vinavyoizunguka nuseli huku ncha ya nuseli ikichomoza juu. Katika mbegu za Genomosperma za Uskoti, ambazo Albert Long alizieleza mwaka 1960, spishi moja ina vijiti vilivyoachana karibu hadi chini, nyingine vimeungana sehemu ya chini na kukumbatia kilele. Kwa hiyo ukikata kwa upana na kuona duara la visiwa vidogo badala ya pete nzima, usidhani ganda limevunjika. Shuka filamu chache. Kama visiwa vinaungana na kuwa pete unapokaribia chini, umeona intigumenti yenye ndewe.

Mbegu hizo zisizo na mdomo kamili ziliipa nuseli yenyewe kazi ya kunasa chavua. Ncha yake ilikuwa chemba yenye nguzo ya tishu katikati, kwa hiyo kwenye mkato wa upana chemba ni pete, si duara tupu. Chavua ikishaingia, tishu ya ndani ya megaspora ilikua, ikaisukuma nguzo juu, na nguzo ikaziba njia. Ukikuta nguzo imebana juu kabisa, mbegu ilikwisha pokea chavua. Ikiwa bado chini na njia iko wazi, ilikufa ikingoja. Hiki ni miongoni mwa vitu vichache kwenye kisukuku vinavyokuonyesha tukio badala ya umbo, na ninashangaa jinsi maelezo mengi yanavyokipita kwa sentensi moja.

Chemba ya chavua ina historia nzuri. Adolphe Brongniart aliiona kwanza kwenye mbegu za silika za Grand'Croix katika karne ya 19, ndipo akaitafuta kwenye sikadi zilizo hai, mimea yenye mbegu inayofanana na mitende, na kuikuta. Kisukuku kilimfundisha kuhusu mmea wa bustanini.

Pekua ndani ya chemba kwa ukuzaji mkubwa. Chavua za medulosa ni kubwa ajabu, mikromita mia kadhaa, na kwenye filamu nzuri huonekana kwa lenzi ya mkononi kama vidoa vya kahawia. Kwenye mbegu ndogo za Callospermarion, Gar Rothwell alionyesha miaka ya 1970 tone la kunasa chavua likiwa limehifadhika mdomoni, na mrija ukichipua kutoka kwenye chavua ya mmea huo huo. Kwa hiyo doa la rangi ya kaharabu kwenye mdomo usilisugue ukidhani ni uchafu.

Ndani kabisa

Utataka kuona kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu. Jiandae kutokipata. Mbegu za Kaboniferasi karibu zote hazina: utaona utando mzito wa megaspora kama mstari mweusi, labda tishu ya akiba, basi. Huenda nyingi zilianguka kabla ya kiinitete kukua. Mistari inayong'aa kutoka katikati kama miale ni fuwele za kalsiti, wala si kotiledoni, yaani majani ya kwanza ya kiinitete. Nimeshasikia zikitetewa kwa ukali.

Viinitete vipo kwingine. Koni za silika za Araucaria mirabilis, za Jurasi, kutoka Cerro Cuadrado huko Patagonia nchini Ajentina, zina mbegu zenye viinitete vyake. Mwaka 2015 Else Marie Friis na wenzake walitangaza viinitete vidogo mno ndani ya mbegu za maua za mwanzo wa Kretasia, za miaka milioni 110 hadi 125, walizoziona kwa eksirei kali ya sinkrotroni, mashine kubwa ya kuharakisha elektroni, bila kuzikata. Udogo wa kiinitete ukilinganishwa na mbegu ulionyesha kwamba kilihitaji kukua zaidi kabla ya kuota.

Mbegu za maua zina usomaji wake, nami nitazigusa tu. Nyingi zimepinduka, hivyo mdomo na kovu la kikonyo vinakaa jirani, na mshipa unapanda ubavuni hadi upande wa pili. Jamii ya mzabibu ni rahisi kuliko zote: mashimo mawili marefu upande wa tumbo, na kovu la duara mgongoni mshipa unapoishia. Mbegu za namna hiyo zimepatikana India kwenye mawe ya karibu miaka milioni 66. Jamii ya yungiyungi hujitambulisha kwa kifuniko kidogo mdomoni na seli za ganda zenye kuta za mawimbi.

Jina

Mbegu ikikutwa peke yake hupewa jina lake, na mmea ulioizaa unaweza kuwa na jina jingine kwa shina na jingine kwa jani. Usiziunganishe kwa sababu tu zimelala jirani kwenye mwamba mmoja. F. W. Oliver na D. H. Scott, mwaka 1903, waliiunganisha Lagenostoma na shina la Lyginopteris kwa ushahidi wa tezi: vikombe vilivyoizunguka mbegu vilikuwa na tezi zenye kichwa cha mviringo juu ya kikonyo, na tezi hizo hizo zilikuwa kwenye shina na majani. Hakuna mmea mwingine pale uliokuwa nazo. Kwa hiyo kabla ya kuutupa utando wa nje wa mbegu yako, kagua kama una nywele au tezi, uzichore, uzipime.

Filamu zako ziandike namba kwa kalamu ya wino usiofutika mara tu zinapobanduka, kwenye pembe isiyo na tishu, na uweke mshale unaoelekea upande ule ule wa jiwe kwenye kila moja. Kumbuka filamu ikitazamwa upande uliogusa jiwe ni kioo cha uso wa jiwe, kulia kwake ni kushoto kwa mbegu. Zibane kati ya karatasi mbili nzito usiku mmoja kabla ya kuzikata, kwa sababu asetati ikikaukia hewani hujikunja, na filamu iliyojikunja haitakaa sawa chini ya hadubini.